Mtambo wa kupika plastiki kuwa mafuta, saizi ya kikundi: kipi ununue, kipi ukatae

Mtambo unaopimwa hapa ni ule mdogo ambao karakana za kuchomelea vyuma huwatengenezea vikundi vya usafi na waokota taka. Una tanki la chuma lenye kipenyo cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 80, mfuniko wa flensi unaofungwa kwa boliti, bomba la mvuke, kipoozeo cha maji, chombo cha kupokelea mafuta, na pipa dogo la maji ambamo gesi iliyobaki hupita kabla ya kurudishwa motoni. Hauna mota wala hauhitaji umeme. Unajazwa asubuhi, unapikwa mchana kutwa, unaachwa upoe usiku kucha na kufunguliwa kesho yake. Anayejua mtambo wa gongo unavyofanya kazi hatapata shida kuuelewa huu: kuna chungu, mvuke, ubaridi na matone. Tofauti ni kwamba ndani ya chungu hiki kuna nyuzijoto zaidi ya 400 na mvuke unaowaka ukigusana na hewa.

Hukumu yenyewe tuitoe mapema. Mtambo unafanya kazi, na kwa nailoni chafu ambayo hakuna anayeinunua, ni afadhali mara nyingi kuliko kuichoma dampo. Lakini mafuta yanayotoka si dizeli wala petroli, hata muuzaji akiyaita hivyo. Kikundi kinachofaa kuununua ni kile chenye nailoni nyingi ya uhakika, chenye watu wa kuchambua taka kwa umakini, na chenye mteja wa mafuta mwenye tanuri. Kikundi kinachopanga kuwauzia bodaboda kitumie fedha zake kwa jambo lingine.

Dai la kilo moja, lita moja

Karibu kila muuzaji wa mitambo hii husema kilo moja ya plastiki inatoa lita moja ya mafuta. Si uongo, ila kuna masharti asiyoyataja. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa karibu gramu 780. Kwa hiyo kupata lita moja kwa kilo ni kugeuza asilimia 78 ya uzito wa plastiki kuwa mafuta. Hilo linawezekana kwa polithini (plastiki ya nailoni) au polipropilini (plastiki ya viroba vya salfeti) safi na kavu, ndani ya tanki lisilovuja hata kidogo. Mzigo wa mtaani, hata ukioshwa, hutoa asilimia 60 hadi 70. Ukipika kilo 40, tarajia lita 31 hadi 36. Sehemu nyingine hutoka kama gesi isiyopoa, na kinachobaki chini ya tanki ni masizi, majivu na mchanga ulioingia na mzigo.

Tena hizo kilo 40 zenyewe haziingii kirahisi. Tanki la vipimo hivyo lina ujazo wa lita 226, na halitakiwi kujazwa zaidi ya theluthi mbili kwa sababu plastiki ikiyeyuka hutoa povu na kupanda. Nailoni iliyotupwa ndani ovyo huchukua nafasi kubwa kuliko uzito wake: lita 150 za nailoni legelege ni kilo 5 hadi 7 tu. Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika moyo wiki ya kwanza, kwa kuteketeza kuni za siku nzima ili kupata lita nne. Dawa yake ni kuishindilia. Fremu ya chuma cha pembe, kisanduku cha mbao ngumu na jeki ya lori vinatosha kutengeneza matofali ya nailoni yanayojaza tanki ipasavyo. Karakana ikikuuzia mtambo bila kukuuliza nailoni utaishindiliaje, haijawahi kuupika huo mtambo kwa taka halisi.

Kinachoingia na kisichoingia

Polithini laini, yaani karatasi za mkate, mifuko ya maziwa na nailoni za kufungia katoni, ndiyo chakula hasa cha mtambo huu. Marufuku ya mifuko ya kubebea, Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania bara 2019, haikugusa vifungashio vya kiwandani, kwa hiyo malighafi hii bado ipo tele kila soko. Madumu, ndoo na mabeseni hupikika vizuri sana, lakini yana wanunuzi wanaoyasaga na kuyauza tena viwandani. Kuyapika ni kuchoma pesa. Viroba vya salfeti hupikika, ila vimechanganywa chokaa nyingi kiwandani, hivyo huacha majivu mengi. Vile vyombo vyeupe vyepesi vya chipsi hugeuka mafuta kwa wepesi kuliko vyote, ila mafuta yake yamejaa stairini, ambayo moshi wake ni mkali na inagandisha mafuta kuwa utomvu yakikaa. Visizidi sehemu 1 katika 10 za mzigo.

Chupa za maji na soda zisiingie kabisa. Theluthi moja ya uzito wake ni oksijeni, na zikipikwa hazitoi mafuta ya maana. Hutoa unga mweupe au wa manjano unaopaa pamoja na mvuke, kisha unaganda kwenye bomba penye ubaridi. Mzigo wenye chupa hizo kwa wingi unaweza kuziba bomba la inchi 2 siku hiyo hiyo, na bomba likiziba tanki linabaki bomu.

Adui mkubwa kuliko chupa ni PVC: mabomba meupe na ya kijivu ya maji, ngozi za nyaya za umeme, mazulia ya plastiki, makoti ya mvua, baadhi ya viatu na mapazia ya bafuni. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikifika nyuzijoto 250 hadi 300, kabla hata mafuta hayajaanza kutoka, hutoa asidi ya haidrokloriki inayokula tanki, kipoozeo na mapafu ya mpikaji. Gesi yake ikichomwa kwa moto hafifu huweza kuzaa dioksini, ambayo ni sumu kali. Kiwanda kikubwa cha Sapporo, Japani, kilichokuwa kikigeuza plastiki za majumbani kuwa mafuta, kilitenga hatua nzima ya kuondoa klorini kabla ya kupika. Tanki la kikundi halina hatua hiyo, kwa hiyo kinga pekee ni mikono ya wachambuaji.

Kuchambua kwenyewe si kwa kubahatisha. Kipimo cha kwanza ni beseni la maji: polithini na polipropilini huelea, PVC na chupa za soda huzama. Kipande kikiwa na hewa ndani kitadanganya, kwa hiyo kikunjue na kukizamisha kwa kidole kwanza. Kipimo cha pili ni waya wa shaba. Uvue ngozi yake, uchome kwenye moto wa gesi mpaka mwali usiwe na rangi yoyote ya ziada, uuguse kwenye plastiki ukiwa bado wa moto ili kipunje kinate, kisha uurudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani kibichi, hiyo ni klorini, na mzigo wote uliotoka gunia hilo unarudiwa kuchambuliwa. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Ni kipimo cha nusu dakika, na mchambuaji akikifanya kwa wiki moja macho yake huzoea kuitambua PVC hata bila waya.

Plastiki za ufukweni ziko kundi lake. Zimejaa mchanga na chumvi, na kuziosha kwa maji ya bomba mara mbili ni gharama inayosahaulika kwenye mahesabu. Na mzigo wowote, wa pwani au wa bara, ukauke juani kabla ya kuingia. Maji yaliyojificha kwenye mikunjo huchemka ghafla plastiki ikiwa imeyeyuka, na povu hupanda hadi kwenye bomba la mvuke.

Chuma chenyewe

Anza kwa kupima unene wa tanki. Pipa la mafuta la lita 200 lina bati la milimita 1 na ushee. Likipigwa moto wa kuni kila siku kitako huliwa, kisha hutoboka likiwa limejaa mvuke. Mtambo wowote uliotengenezwa kwa pipa, hata ukipakwa rangi nzuri kiasi gani, kataa. Taka bamba la milimita 6, na kitako kiwe kipande kimoja bila kiraka. Tanki la namna hiyo lina uzito wa zaidi ya kilo 100 na haliwezi kuwa rahisi, kwa hiyo bei ya chini mno ni dalili tosha.

Gasketi ya mfuniko iwe ya kamba ya grafaiti au ya nyuzi za kauri. Mpira, hata ule mweusi wa injini, huyeyuka mpiko wa kwanza. Boliti ziwe zisizopungua 12, na zikazwe kwa kupishana, si kwa kuzunguka, la sivyo flensi hupinda na hewa hupata njia.

Bomba la mvuke ni mahali ambapo karakana hutofautiana sana, na ndipo ubora unapoonekana. Polithini ikipikwa bila kichocheo hutoa nta nyingi, ambayo kwenye joto la kawaida huganda kama mshumaa. Ikiwa bomba linatoka kwenye mfuniko na kuingia moja kwa moja kwenye maji baridi, nta itaganda humo humo na kuziba. Muundo mzuri una nguzo ya wima ya nusu mita hadi mita moja juu ya mfuniko, yenye vipande vya chuma vilivyokatwa ndani yake. Mvuke mzito hugonga vipande hivyo, hupoa kidogo, hudondoka tena tankini na kuvunjwa upya mpaka uwe mwepesi. Baada ya nguzo kunatakiwa chombo cha kwanza kisicho na maji, cha kunasia nta iliyopenya, ndipo kipoozeo cha maji kifuate. Mitambo isiyo na nguzo hutoa ndoo nusu ya mafuta na nusu ya nta, na muuzaji atasema plastiki yako ndiyo mbaya.

Kuhusu maji ya kupoozea, pipa la lita 200 linaloletwa na mtambo halitoshi kwa kilo 40. Mvuke wa mzigo huo una joto la kupandisha pipa hilo kwa zaidi ya nyuzi 30, yaani kutoka 28 hadi karibu 65, na maji ya namna hiyo hayapoozi tena. Sehemu nyepesi ya mafuta hupita kama mvuke, ikapotelea motoni. Tangi la lita 500, lililoinuliwa ili maji yashuke yenyewe, linamaliza tatizo.

Vipimajoto viwe viwili, kimoja kando ya kitako na kimoja juu ya nguzo. Mitambo mingi huja na kimoja tu, mfunikoni, ambacho hakimwambii mpikaji lolote kuhusu kinachotokea chini.

Mpiko wenyewe

Hewa iliyomo tankini itolewe kwanza. Mtungi mdogo wa nitrojeni kutoka kwa wauza gesi za viwandani ndiyo njia salama. Ipulizwe taratibu mpaka imejaza ujazo wa tanki mara tatu au nne, kabla ya moto kuwashwa, na ipulizwe tena kazi ikiisha. Karakana husema si lazima, kwa kuwa mvuke wa mwanzo husukuma hewa nje. Mara nyingi husukuma, lakini siku mvuke huo usiposukuma hapatakuwa na onyo.

Nyuzi 150 zikifika chini, mvuke mweupe wa maji huonekana. Usiongeze moto mpaka uishe. Kati ya 250 na 300, pima gesi kabla haijapita kwenye maji ya pipa dogo, kwa karatasi ya litimasi ya bluu, ile inayobadilika rangi ikikutana na asidi. Ikigeuka nyekundu kuna PVC imepita, zima moto mpiko uishie hapo. Maji ya lile pipa dogo yachanganywe chokaa ili yameze asidi kidogo iliyoponyoka. Mafuta huanza kudondoka kwa kasi kati ya 380 na 430. Shikilia hapo kwa saa tatu hadi tano, ukitia kuni kidogo kidogo. Kasi ikikushawishi na ukatia kuni nyingi, utapata nta badala ya mafuta kwa sababu mvuke mzito haupati muda wa kuvunjika. Kipimajoto cha juu kikianza kushuka wakati cha chini kinapanda, mzigo umeisha. Usipite 500. Juu ya hapo hupati kitu isipokuwa kitako kulegea.

Bomba la gesi lizame kwenye maji kwa sentimita 10. Kina hicho huzuia moto kurudi nyuma hadi tankini, na wakati huo huo hakizuii gesi kutoka. Kati ya tanki na maji hayo pasiwe na valvu yoyote. Valvu iliyofungwa kwa kusahau ndiyo inayorusha mfuniko.

Na hili karibu haliandikwi kwenye maelekezo yoyote: moto ukizimwa, tanki linapopoa hujivuta ndani, na lile bomba lililozama hunyonya maji kurudi nyuma. Maji yakifika kwenye chuma chenye nyuzi 400 hugeuka mvuke kwa kishindo. Kwa hiyo kati ya kipoozeo na pipa la maji pawe na chombo kitupu chenye ujazo mkubwa kuliko maji yanayoweza kunyonywa, bomba la kutokea likiwa juu yake. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi. Mtambo usio na chombo hicho urudishwe karakana ukaongezewe.

Mfuniko haufunguliwi mpaka chini pashuke chini ya nyuzi 60. Masizi ya moto yakipata hewa huwaka yenyewe. Mchanga mkavu na kizimamoto cha unga viwe karibu, maji yasitumike kuzima mafuta.

Mafuta, kuni na mahesabu

Mafuta mabichi ni ya kahawia, yananuka vikali, na yamechanganyika kila kitu: sehemu ya petroli, sehemu ya mafuta ya taa, sehemu ya dizeli, na nta. Kuna jaribio la kuonyesha hatari yake. Tia kijiko kimoja kwenye kisosi cha chuma, nje, mbali na mtambo, kisha sogeza kiberiti kwa kijiti kirefu. Mafuta ya taa katika joto la kawaida hayashiki moto upesi bila utambi. Haya hushika papo hapo, hata kabla kiberiti hakijayagusa, kwa sababu ya petroli iliyomo. Ndiyo maana hayafai kabisa kwa jiko la mchina, koroboi wala taa ya chemli. Kikundi kinachoyauza kwa matumizi ya nyumbani kinauza majeraha ya moto.

Kwenye injini, yanaingiza gundi kwenye nozeli, na gundi huongezeka yakikaa. Ndani ya wiki chache rangi hukolea na mashapo hutuama. Injini nzito ya silinda moja ya mashine ya kusaga inaweza kuvumilia sehemu 1 kwa 5 za dizeli, baada ya mafuta kuchujwa na kupikwa mara ya pili ili kutenga petroli na nta. Hiyo ni kazi ya mtambo mwingine na hatari nyingine. Kuyauza kama mafuta ya gari ni kosa bila viwango na leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, na mtambo wenyewe unahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya.

Mahali pake hasa ni kwenye bana, yaani vichomeo, za matanuri: wayeyusha alumini wanaotengeneza sufuria, wachoma vigae na matofali, wachemsha lami. Nishati yake kwa kilo inalingana na ya dizeli, na mteja wa namna hiyo anayanunua kwa kuyalinganisha na oili chafu anayotumia sasa. Bei ya oili chafu mtaani kwako ndiyo dari ya bei yako. Piga hesabu kwa bei hiyo, si kwa bei ya kituo cha mafuta.

Upande wa gharama, kuni ndizo zinazoumiza. Kupasha na kuvunja kilo 40 za plastiki pamoja na chuma cha tanki kunahitaji joto la karibu megajuli 105. Moto wa mafiga matatu hufikisha takriban asilimia 15 tu ya joto lake kwenye tanki, kwa hiyo zinakwenda kuni kilo 45 hivi kwa mpiko mmoja, zaidi ya kilo moja ya kuni kwa kila kilo ya plastiki. Ukijenga tanuri la matofali la kuzunguka tanki lote, na ukairudisha gesi motoni kwa bana yenye matundu, kuni hupungua kwa nusu au zaidi. Mtambo usiojengewa tanuri hautoi faida na unakata miti kwa jina la mazingira. Ongeza posho ya watu wawili wa kupika na walau wawili wa kuchambua, na utaona kwa nini lita 33 kwa siku zinahitaji malighafi isiyonunuliwa.

Masizi yanayobaki yasitiwe bustanini wala kutengenezwa mkaa wa kupikia. Baadhi ya rangi za plastiki za zamani zina madini yenye sumu ya risasi na kadimiamu, na sehemu kubwa hubaki humo. Yafungwe kwenye viroba, yapelekwe dampo rasmi.

Kabla ya kumalizia malipo, mtambo ujaribiwe karakana kwa upepo wa presha ndogo, bar 0.2, huku viungo vyote vikipakwa maji ya sabuni. Povu lolote lirekebishwe kwa kuchomelea upya, si kwa gundi. Kisha fundi apike mbele yenu kilo 10 za plastiki safi na kavu yenye namba 5, yaani polipropilini. Zikitoka lita 9 au zaidi, na mafuta yakabaki maji maji baada ya kupoa usiku mzima, lipeni. Zikipungua, mvuke unapotea mahali, na mahali pa kwanza pa kutazama ni gasketi ya mfuniko, kisha joto la maji ya kupoozea.